Sampuli Kutoka Mkanaledi

Wamesema ni sigara ya Bakiri Nalinga.
Polisi wameandika sigara, tajiri amesaini sigara,
na Bakiri, mlinzi wa zamu ile, siku ya nne sasa
anashinda kwenye benchi letu la nje, kofia mapajani,
kama mtu aliyeleta mgonjwa Ligula akaambiwa asubiri.

Mimi nimeletewa ndoo.
Ndani yake makapi ya maganda ya korosho, mafuta yameshakamuliwa,
meusi, makavu, hayana neno.
Nimeyashika: ya baridi.
Nimeyanusa: mikono ya mama,
aliyebangua korosho kiwandani miaka kumi na tisa
hadi utomvu ukamlamba ncha za vidole,
na siku ya kusajili laini ya simu
mashine ikasema haimwoni.
Kwa hiyo ubaridi wa ndoo haukunidanganya.

Kikapu cha wavu wa chuma, sentimita kumi kila upande.
Nikajaza, nikagonga mara tatu yashuke, nikajaza tena.
Waya mmoja wa kupimia joto katikati, moyoni kabisa,
wa pili hewani, ndani ya tanuri.
Mia na arobaini. Saa moja jioni. Nikafunga mlango.

Kazi hii haina kiberiti.
Watu hudhani tunawasha vitu.
Tunakipa kitu joto la kadiri, na hewa, na giza,
kisha tunakaa kando
tuone kikiwa peke yake kitafanya nini.

Saa mbili, mstari wa makapi uko chini, unapanda kivivu.
Saa nne umeme ukakatika; jenereta ikakohoa, ikashika.
Saa sita kasoro mistari miwili ikakutana.

Hapo vitu vingi huridhika.
Mchanga huridhika. Chumvi huridhika.
Unga wa muhogo niliowahi kuuweka kwa utundu tu
ulikaa hapo hapo mpaka adhana ya alfajiri.

Saa saba: mia na arobaini na sita.
Tanuri halijaongeza kitu.
Nikasimama.
Mia na hamsini na tisa.
Mia na themanini.
Sasa makapi ndiyo yanalipasha tanuri.
Si moto wa makumbi huu; ule una mtu aliyeuwasha.
Saa tisa na dakika kumi, mia mbili na moja,
na ile harufu ya mama, lakini imekasirika.
Nikazima.

Kesho yake nikarudia kwa kikapu kidogo,
sentimita mbili na nusu, makapi yale yale, joto lile lile.
Siku nzima, usiku mzima: kimya.
Kidogo hupumua.
Kingi hukumbatiana, na joto likakosa mlango.
Na Mkanaledi walirundika tani mia nne, hadi kwenye boriti,
madirisha yamezibwa kwa mabati wezi wasiingie.

Nikaandika: hujipasha.
Nikaandika: kwa wingi ule, hapakuhitajika mtu.
Neno *mtu* nikalipigia mstari, ingawa fomu hairuhusu.

Bakiri aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akarudi juu, akasoma tena.
Kisha akasema, bila kuniangalia,
"Lakini nilivuta. Usiku ule. Nje, pale langoni."
Nikamwambia tanuri langu halivuti.
Akacheka kidogo, akaomba kukiona kikapu.
Akakigeuza kwenye kiganja, kitupu,
akapitisha kidole kwenye wavu kama anayetafuta tundu la kutokea.

Wamemrudisha kazini, ghala jingine, rundo halizidi kimo cha kifua.
Mshahara wa siku alizosimamishwa hakuna aliyeutaja.
Nikipita asubuhi kwenda Naliendele ninamwona
ametia mkono hadi kwenye kiwiko kati ya magunia,
amefumba macho,
anahesabu.